Mjadala: Ithibati ya vyuo vikuu ipime majengo na wahadhiri, au ipime pia wahitimu?

MLETA MADA

Ndugu wanajamvi, naomba tuijadili ithibati, yaani ule uthibitisho rasmi kwamba chuo au programu inafaa kutoa shahada, bila kutaja vyuo tulivyosoma, maana tukianzia hapo tutaishia kwenye ushabiki.

Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo hapa Tanzania, ambako mwenye shahada ya sheria husoma ili awe wakili: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani ni 342, na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mabishano yakawa kama mwenye kosa ni taasisi hiyo au ni vyuo vilivyowafundisha wanafunzi hao shahada ya kwanza. Mimi nilibaki na swali jingine. Hakuna hata mmoja kati ya hao 633 aliyefika pale bila shahada ya sheria inayotambuliwa. Kwa hiyo, ama mtihani ule ulikuwa na kasoro, ama ithibati haipimi kile ambacho wengi wetu tunadhani inapima.

Tukumbuke ilikotoka. Baraza la Ithibati liliundwa mwaka 1995, vyuo vikuu binafsi vilipokuwa vinaanza kuruhusiwa, na mwaka 2005 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kazi ya kwanza ilikuwa kutofautisha chuo kikuu na nyumba ya kupanga iliyotundikwa kibao. Ndiyo maana wakaguzi hutazama eneo, maktaba, maabara, mtaala na sifa za wahadhiri. Hata anayetaka kuanza kazi ya kufundisha huwekewa kiwango cha chini cha wastani wa alama za shahada yake. Yote hayo ni masharti ya kufundishia. Hayatuambii kama aliyefundishwa ameelewa.

Hoja yangu ni kwamba ithibati ya programu inapohuishwa, TCU itangaze hadharani ni wangapi waliingia, wangapi walimaliza kwa wakati, na wangapi walifaulu mitihani ya taaluma pale ilipo, kama huo wa mawakili au ule wa wahasibu unaoendeshwa na bodi yao, NBAA.

MHADHIRI, CHUO BINAFSI

Nakubaliana na uchunguzi wako, lakini dawa unayopendekeza naiogopa kuliko ugonjwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na sote tunajua shule zilivyokuwa zikiipata nafasi hiyo: mtoto asiyefikisha wastani anahamishwa au anakaririshwa, ili kidato cha nne wabaki wale ambao wangefaulu hata wakifundishwa chini ya mwembe. Ukitangaza ufaulu wa wahitimu, vyuo vitafanya mchujo huo huo. Chuo chetu hupokea vijana wengi waliotoka shule za kata, wakiwa na alama za chini kabisa zinazoruhusiwa. Tukimtoa mmoja wao akawa mwalimu mzuri wa hisabati huko Kasulu, jedwali lako litamwona kama namba ya kawaida, ilhali sisi tunajua alikotoka.

Pili, usiyadharau hayo masharti ya kufundishia. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na baadhi ya programu katika vyuo vingine zikasimamishwa. Hatua ile ilikuwa na sababu zake, ila tazama mzunguko wake: chuo kinachoishi kwa ada kikikosa mwaka wa kwanza kinakosa fedha za kuajiri wahadhiri, na upungufu wa wahadhiri ni miongoni mwa mambo yanayokifanya kizuiwe. Ukiongeza adhabu inayotokana na ufaulu, vyuo vidogo vitakufa kabla havijajirekebisha.

MDHIBITI UBORA

Niongeze machache kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tathmini ya ndani tunaandika na wahitimu tunajaribu kuwafuatilia, ingawa wengi wameshabadilisha namba za simu. Tatizo ni kwamba ripoti hizo huandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, wiki mbili kabla ya ukaguzi vitabu viliazimwa kwa jirani vikapangwa kwenye rafu, na vilirudishwa kabla vumbi halijatua juu yake. Mtu mwenye nia hiyo atazipika takwimu za wahitimu vilevile. Nani atazihakiki?

MZAZI

Samahanini wasomi, mimi ni mzazi tu. Chuo alichokuwa akisoma mwanangu kilifutiwa usajili akiwa mwaka wa pili, wakahamishiwa vyuo vingine, na baadhi ya masomo aliyokwisha kufaulu akaambiwa ayarudie. Kabla ya kulipa ada ya kwanza niliuliza kama chuo kinatambuliwa, nikajibiwa ndiyo, na jibu lilikuwa kweli siku ile. Mwalimu, unasema takwimu zitaviua vyuo vidogo. Je, sisi tuliouza shamba ili tulipe ada tuendelee kufichwa ili chuo kipone?

MLETA MADA

Mama au Baba, swali lako ndilo lililonifanya nilete mada hii. Mwalimu naye amenifumbua macho kuhusu mchujo, kwa hiyo naipunguza hoja yangu. Kusiwe na kumi bora. Kila programu ilinganishwe na yenyewe katika miaka iliyotangulia, na alama za kuingilia zioneshwe kando ya ufaulu, ili chuo kilichompokea kijana mwenye alama ndogo kikamfikisha mbali kionekane. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonesha sifa za kuingilia, nafasi zilizopo na muda wa masomo. Naomba safu mbili tu ziongezwe humo: ya ufaulu na ya wahitimu waliopata kazi.

Kuhusu uhakiki, mitihani ya taaluma haitungwi na chuo, kwa hiyo chuo hakiwezi kuyapika matokeo yake. Na kwa wahitimu walioajiriwa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukata asilimia 15 ya mshahara wa kila mnufaika anayedaiwa, kupitia mwajiri wake. Taarifa hizo zipo tayari, bila kumpigia mtu simu.

MHADHIRI, CHUO BINAFSI

Kulinganisha programu na yenyewe naweza kukubali, na hata kulitetea mbele ya seneti yetu. Kwenye makato ya mkopo bado tunapishana. Bodi humwona kwa urahisi aliye kwenye orodha ya mishahara. Mhitimu wetu wa kilimo anayefuga kuku 2,000 na kuajiri vijana wanne hayumo humo, na kwa hesabu yako atahesabiwa kuwa hana kazi. Safu hiyo ya pili iandikwe vipi ili naye aonekane?