Jina la Götzen lirudi ubavuni mwa MV Liemba? Tujadili

Mleta mada

Wadau, swali langu ni moja. Je, MV Liemba ya Ziwa Tanganyika irudishiwe jina lake la kwanza, Graf von Götzen, liandikwe ubavuni kwa herufi kubwa? Juzi kwenye kundi letu la wapenda historia mdau mmoja alitoa pendekezo hilo. Alisema watalii wangemiminika, kwani hakuna meli nyingine ya Kaiser ya Vita Kuu ya Kwanza yenye historia kama hii ambayo bado iko majini. Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga, na napinga kwa moyo wote.

Historia ya meli yenyewe naipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu. Ilijengwa kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafumuliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa treni kwenda Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakisaidiana na mafundi Wahindi na vibarua wa Kiafrika, waliiunga upya. Ilishushwa majini Februari 1915 vita vikiwa vimeshapamba moto, ikafungwa mizinga, na mmoja ukawa ule uliookolewa kwenye manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao, Wabelgiji wakiwa wanakaribia Kigoma. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na kutu, wakitumaini kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Hesabu basi. Jina la Götzen liliishi majini mwaka mmoja na miezi mitano tu. Liemba imebeba wakimbizi, wachuuzi, dagaa na mahindi kwa jina la Liemba tangu enzi za mababu zetu.

Na huyo Götzen ni nani? Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilipolipuka Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kwa sababu ya kulimishwa pamba kwa nguvu, yeye ndiye aliyekuwa na amri. Majeshi yake yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na maghala, na njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Alifariki 1910. Miaka mitatu baadaye meli inajengwa na kupewa jina lake. Meli hiyo ilikuwa inaletwa kwetu, mbele ya macho ya watu ambao makaburi ya ndugu zao hayajaota hata majani.

Jina ubavuni mwa manowari ni heshima, na wenye manowari wanalijua hilo vizuri. Mwaka 1911 Churchill alipokuwa mkuu wa Wizara ya Majeshi ya Majini ya Uingereza alitaka manowari mpya iitwe Oliver Cromwell. Mfalme George V alikataa katakata, kwa sababu Cromwell ndiye aliyesimamia kukatwa kichwa kwa mfalme Charles wa Kwanza. Zaidi ya miaka 250 ilikuwa imepita! Na Hitler, vita vilipoanza, aliamuru manowari Deutschland ibadilishwe jina iitwe Lützow, kwa kuhofia aibu ya meli yenye jina la nchi kuzama. Basi kama wao wanalipima jina kiasi hicho, sisi tulirudishe hili kwa sababu ya tiketi za watalii?

Mchangiaji, Ujiji

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeruka sehemu inayouma. Hilo Liemba nalo lilichaguliwa na nani? Na mkoloni mwingine. Ni kweli ni jina la huku, Livingstone alilikuta likitumika upande wa kusini wa ziwa mwaka 1867. Lakini aliyelichora kwenye meli ni Mwingereza baada ya kuinyang'anya kwa Mjerumani. Tusijifanye kwamba 1927 kuna mtu alikuja Ujiji kutuuliza.

Pili, ziwa hili lote lilikuwa uwanja wa kubadilishana majina. Desemba 1915 Waingereza waliiteka boti Kingani ya Wajerumani, iliyopewa jina la mto wa kule Bagamoyo, wakaiita Fifi. Februari 1916 Fifi hiyo hiyo ikishirikiana na boti iliyoitwa Mimi, mojawapo ya mbili zilizoletwa kutoka Uingereza kupitia Kongo, ikaizamisha meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Hedwig ni nani? Mke wa Wissmann. Kwa hiyo hapa mbele yetu palikuwa na jina la mke wa yule aliyemshinda Abushiri na kumnyonga Pangani mwaka 1889. Vijana wangapi wa Kigoma wanajua? Hawajui kwa sababu hakuna popote palipoandikwa. Mimi huzungusha wageni mjini hapa, na kila mgeni wa Kijerumani swali lake la kwanza ni Götzen. Akiulizia, tunapata mwanya wa kumweleza habari za Maji Maji. Ukilificha jina, mwanya huo umeuziba.

Mchangiaji, Mombasa

Salaam kwenu nyote. Huku pwani tuna funzo letu. Uingereza ilikuwa na manowari iliyoitwa HMS Kenya, iliyoshushwa majini Agosti 1939. Ilipigwa torpedo ya omo kwenye msafara wa Malta Agosti 1942, ikapona, ikapigana hadi vita vya Korea. Dada yake HMS Uganda ilipigwa bomu huko Salerno 1943, ikatengenezwa, ikapewa Kanada. Mwaka 1945 mabaharia wake wa Kikanada walipigishwa kura kama wanajitolea kuendelea kupigana na Japani, wengi wakakataa, na meli ikarudi nyumbani. Niambieni, Mkenya au Mganda gani alijivunia meli hizo? Majina yalikuwa yetu, amri ilikuwa yao.

Waingereza walifanya jambo zito zaidi. Manowari zao za aina ya destroyer za miaka ya 1930 ziliitwa kwa majina ya makabila: Ashanti, Zulu, Matabele, Mashona, Somali, Nubian. Wengi wa watu hao walikuwa wamepigwa na kutawaliwa na jeshi hilo hilo! Matabele ilizamishwa Januari 1942 katika bahari ya baridi kaskazini, wakaokoka mabaharia wawili tu. Nikisoma hayo huwahurumia wale vijana, lakini jina lile lilitoka kwa mshindi akipamba chombo chake kwa aliyemshinda.

Sasa tujitazame nasi. Jeshi letu la majini lilikuwa na boti Mamba, Madaraka, Jamhuri, Harambee. Majina mazuri. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja Nyayo na Umoja. Nyayo ilikuwa kaulimbiu ya rais aliyekuwa madarakani. Alipoondoka 2002 kaulimbiu ikaondoka naye, jina likabaki chumani. Baadaye tukarudi kwenye akili njema: Galana na Tana ni mito, Shujaa, Shupavu na Jasiri ni sifa. Mto haumuudhi mtu. Msimamo wangu: manowari isipewe jina la mwanasiasa, awe Götzen au awe wetu tunayempenda.

Mchangiaji, Songea

Sina maneno mengi. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu walinyongwa hapa Songea, Nduna Songea Mbano naye akanyongwa mwaka huo huo, na kichwa chake tunaambiwa kilipelekwa Ujerumani. Gavana alikuwa Götzen. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja kwenye makumbusho yetu ya Maji Maji, akainama, akaomba msamaha. Rais wao anaomba msamaha Songea, sisi tunaandika jina la gavana wake Kigoma? Ndugu wa Ujiji, mgeni wako akikuuliza habari za Götzen, mlete kwetu.

Mchangiaji, Berlin

Naongezea la huku. Barabara moja ya Neukölln, sehemu ya hapa Berlin, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Wissmann tangu zamani ilibadilishwa jina Aprili 2021, sasa inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ni Lucy Lameck wetu, wa Moshi, aliyekuwa bungeni na serikalini Tanganyika ilipopata uhuru. Haikuwa kazi rahisi, ilichukua miaka ya kampeni ya watu weusi wa hapa na majirani zao.

Mleta mada, kuna mfano ungeutumia. Jeshi la majini la Hitler lilikuwa na meli za kuhudumia boti za torpedo. Moja iliitwa Tanga, kwa kukumbuka vita vya Novemba 1914 ambapo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, aliwatimua Waingereza. Nyingine iliitwa Carl Peters, yule tuliyemwita Mkono wa Damu, aliyefukuzwa kazi na serikali ya Kaiser mwenyewe kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Nyingine Hermann von Wissmann. Aliyetaka koloni zirudi alianza kwa kuyarudisha majina ubavuni mwa meli. Ndiyo maana jambo hili silioni dogo.

Ila kwa Mombasa nina neno. Mto nao unaweza kudanganya. Manowari zilizoiangamiza Königsberg Rufijini, Severn na Mersey, zina majina ya mito ya Uingereza, lakini zilijengwa kwa ajili ya Brazili zikiitwa Solimões na Madeira, mito ya kwao. Brazili ikashindwa kulipia, Waingereza wakazinunua, majina yakafutwa.

Mleta mada

Ujiji, hoja yako ya Mwingereza imenigusa na naikubali: Liemba halikutoka kwa wananchi kwa kura. Lakini angalia limefika wapi. Jina lililoanza kwa amri ya mkoloni limechukuliwa na watu wa ziwa wakalifanya lao kwa matumizi. Mama aliyekuwa akipandia bandari ya Kirando na magunia yake ya mahindi hakusema anapanda meli ya Mwingereza. Jina la Götzen halikuwahi kupata umiliki huo, wala halikupewa muda wa kuupata.

Kuhusu mwanya wa kueleza, tuufungue ndani ya meli. Pale ukumbini wa abiria iwekwe bamba la shaba kwa Kiswahili kwanza, Kijerumani kifuate. Liseme meli ilijengwa wapi, nani waliiunga Kigoma pamoja na wale Wahindi na Waafrika ambao vitabu havikutunza majina yao, iliitwa nani, na huyo ambaye meli ilipewa jina lake alifanya nini mwaka 1905 na 1906. Mgeni asome lote kwa pamoja. Ukiandika ubavuni, atasoma jina tu, apige picha, aondoke.

Songea, ahsante sana. Sentensi ya Maji Maji ningeomba iandikwe na watu wa kwenu, si na ofisi ya Dar es Salaam.

Mchangiaji, Ujiji

Bamba nalikubali, lakini nataka na mzinga. Watu waelewe ilikuwa manowari, hata kama ni mfano wa mbao. Na bado sijakubali kwamba jina la kwanza likae ndani kabisa lisionekane na aliye gatini. Liandikwe dogo shetrini chini ya Liemba, pamoja na miaka yake, 1915–1916.

Jingine, tunabishana hapa watu wa Tanzania, Kenya na Berlin. Liemba ilikuwa inakwenda Kipili, Kasanga, mpaka Mpulungu. Mpulungu ni Zambia, na wale wa kusini ndio wenye neno Liemba hasa. Kuna mtu wa kule humu ndani? Wao wanasemaje?