Mkia umekwenda wapi?

Mama Tunu: Hamjambo nyote. Wifi, uko hewani? Huku kuna kilio. Yule kiluwiluwi mkubwa wa chura, aliyeota miguu minne kwenye beseni la watoto, mkia wake umebaki kipande. Tunu anasema Idi kaukata. Idi anaapa hajamgusa.

Shangazi: Nipo wifi. Usiwaamue kwanza. Waambie wautafute huo mkia. Kama umekatwa, lazima uwe ndani ya beseni.

Mama Tunu: Wautafute kweli?

Shangazi: Kweli kabisa. Wachukue kijiko na chujio, wapekue chini ya jiwe na kwenye majani. Wape nusu saa, na wewe usiseme neno.

Babu: Wajukuu zangu bado wanashika vyura? Hawataota chunjua hao?

Shangazi: Shikamoo baba. Chunjua haziletwi na chura, zinaletwa na virusi ambavyo watu huambukizana wenyewe. Ila vyura wengi wana tezi za sumu ngozini, kwa hiyo mkono usifike machoni wala mdomoni, na wakimaliza wananawa kwa sabuni. Kabla ya kushika ni kinyume chake: mikono ilowe maji matupu, isiwe na sabuni wala mafuta. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi, ulichopaka mkononi kinamwingia mwilini.

Babu: Marahaba mwanangu. Hilo la kunywa kwa ngozi ndiyo kwanza nalisikia.

Baba Neema: Dada, Neema ameshakariri mzunguko wote wa maisha ya chura kwenye chati ya shule. Yai, kiluwiluwi, chura mdogo, chura mzima. Sasa beseni la nini tena?

Shangazi: Muulize miguu ipi hutangulia kutoka, ya mbele au ya nyuma.

Baba Neema: Anasema ya mbele.

Shangazi: Hutangulia ya nyuma. Tunu hawezi kukosea hapo, maana aliviona vinundu viwili kama punje za ufuta kwenye shina la mkia, akavifuatilia mpaka vikawa na vidole. Ya mbele nayo inakua muda wote huo, ila imefichwa chini ya ngozi, halafu siku moja kiwiko kinapasua na kutokeza. Idi ndiye aliyekiona asubuhi ya siku hiyo, akaja mbio hata viatu hana. Neema akimgeuza kiluwiluwi ndani ya chupa angavu ataona na utumbo wake tumboni, mrefu, umejiviringa kama kamba. Anautumia kumeng'enya mwani na majani. Mambo kama hayo mtoto akiyaona kwa macho yake, haulizwi maswali ya mtihani, yeye ndiye anakuuliza wewe.

Baba Neema: Basi nipe utaratibu.

Shangazi: Beseni pana, kivulini. Viluwiluwi wanne au watano, wasizidi. Maji yatoke palepale ulipowachota. Tafadhali usitumie maji ya bomba yenye dawa. Mwaka jana niliyamimina moja kwa moja, asubuhi tukakuta wote sita wamekufa. Niliumia, na watoto waliumia zaidi. Chakula ni majani laini ya mboga yaliyochemshwa, kipande cha ukubwa wa ukucha tu, kikibaki kitoe kabla hakijaoza. Weka jiwe lililotokeza juu ya maji, kwa sababu akianza kupumua kwa mapafu asipopata pa kupanda atazama.

Shangazi: Na hili nalisisitiza: watoto wasiende dimbwini bila mtu mzima, na wasiingie majini. Penye konokono wa majini panaweza kuwa na kichocho. Viluwiluwi wachote wewe kwa wavu wenye mpini, ukiwa ukingoni.

Mama Tunu: Wifi, wamepekua beseni zima. Hakuna mkia.

Shangazi: Vizuri. Sasa Tunu afungue daftari lake la michoro, asome vipimo vya mkia, siku hadi siku.

Mama Tunu: Ngoja... Jumapili milimita 21. Jumatatu 15. Jana 9. Leo kapima sasa hivi, 4.

Mama Tunu: Amenyamaza. Anaangalia daftari, anaangalia beseni.

Mama Tunu: Anasema, "Mama, haukukatika. Unaingia ndani."

Shangazi: Mwambie shangazi yake amefurahi mno! Ndivyo ilivyo. Mwili unaumeng'enya mkia na kuutumia. Muulize pia mara ya mwisho yule kiluwiluwi alikula lini.

Mama Tunu: Ameandika "anakataa majani" tangu Jumapili. Alidhani anaumwa.

Shangazi: Haumwi. Siku hizi hali kitu, anaishi kwa akiba ya mkia wake. Mdomo unapanuka, na ule utumbo mrefu unafupika, kwa sababu akitoka hapo atakula wadudu. Msimlazimishe kula.

Baba Neema: Neema anauliza, vyura wote hupitia huko?

Shangazi: Swali zuri. Wengi ndiyo, ila si wote. Wapo ambao yai linapasuka anatoka chura mdogo kamili. Na chura wa Kihansi, kule Tanzania, hatagi kabisa, anazaa vichura vilivyokamilika.

Babu: Na huyu wa Tunu mnamfuga mpaka lini?

Shangazi: Hatumfugi baba. Mkia ukiisha tu anarudi dimbwi lilelile alikotoka. Tusimpeleke dimbwi jingine, kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura, na anahama pamoja na maji na vyura wenyewe. Hata wavu tunauosha na kuukausha kabla ya kwenda kwingine.

Mama Tunu: *[picha]* Mwoneni, amepanda jiwe. Kipande cha mkia bado kipo.

Babu: Mashallah. Macho yale!

Mama Tunu: Tunu amemwomba Idi radhi. Kesho wanaanza kumpima yule wa pili, na rula atashika Idi.