Kiungulia kinanitesa kila usiku, magadi hayasaidii tena. Naomba dawa ya asili

Tela Mbili: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar–Tunduma. Mwezi wa pili huu kiungulia hakinipi usingizi. Moto unaanzia chembe ya moyo, unapanda mpaka kooni, mdomo unakuwa mchungu kama nimetafuna shubiri. Nilianza na magadi, nusu kijiko kwenye glasi ya maji, nakunywa povu likiwa bado linapanda. Nikibeua, natulia. Siku hizi haipiti nusu saa moto umerudi. Maziwa ni vilevile. Vidonge vya hospitali sivitaki. Mwenye dawa ya asili iliyomsaidia kweli anielekeze.

Mama Pacha: Pole kaka. Mimi kilinikamata nikiwa na mimba. Mawifi wakasema watoto wana nywele nyingi, walivyozaliwa vipara wote wawili! Kilichonisaidia ni kulala ubavu wa kushoto na kuacha kula masaa matatu kabla ya kulala. Mume wangu akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Ndimu na pilipili niliviaga.

Babu wa Muheza: Vijana mnakula chipsi mayai saa sita usiku halafu mnajitupa kitandani. Sisi tulikula ugali na mlenda jua halijazama. Acha sigara, acha pombe, mrudie Mungu.

Tela Mbili: Shikamoo babu. Sivuti wala sinywi. Nafika Makambako saa tano usiku, nikishakula nalala humo humo kwenye kabini. Matofali nitayaweka wapi?

Sista Mstaafu: Mdogo wangu, kuna dawa yoyote unayotumia?

Tela Mbili: Za kawaida tu, hazihusiani na tumbo.

Sista Mstaafu: Zitaje.

Tela Mbili: Diklofenaki, ya maumivu ya mgongo. Asubuhi kimoja, usiku kimoja, mwezi wa tatu huu. Bila hiyo siwezi kupanda mlima wa Kitonga. Huwa nameza kabla ya kula ili niwahi kuondoka.

Sista Mstaafu: Ndiyo hiyo. Inapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, asidi inabaki inakula nyama yenyewe. Ukinywa magadi unaizima kwa muda tu, na chumvi yake inapandisha presha. Usimeze tena hiyo diklofenaki, nenda upimwe vidonda vya tumbo.

Mwalimu wa Zamu: Vidonda vingi vinaletwa na bakteria, siyo mawazo kama tulivyoambiwa zamani. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likavimba. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu, darasa zima linashika tumbo.

Tela Mbili: Asanteni, lakini nimeshaagiza dawa ya mitishamba, elfu sitini, nusu nimelipa. Muuzaji anasema siku saba tumbo linasafishika lote. Nataka kuijaribu kwanza.

Jicho Kavu: Haya, tumefika. Huyu siyo dereva, ni muuzaji. Amejiunga juzi, ana uzi mmoja, na kesho atarudi kusema amepona atuwekee namba ya simu. Mods futeni.

Mama Pacha: Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Hivi mgonjwa analipa elfu thelathini kabla hajaiona dawa?

Tela Mbili: Nimejiunga juzi kwa sababu juzi ndiyo niliogopa. Sikutaka kulisema mbele za watu. Tangu juzi choo kinatoka cheusi kama lami, kinanata. Leo hapa Mafinga nimeshuka kwenye kabini nikaona giza, nikakamata kioo cha pembeni nisianguke. Mke wangu hajui.

Sista Mstaafu: Umemeza vidonge vya kuongeza damu?

Tela Mbili: Hapana.

Sista Mstaafu: Basi hiyo ni damu, inavuja tumboni. Usiendeshe hata hatua moja. Magadi na hiyo dawa ya siku saba, vyote weka chini. Hospitali usiku huu huu.

Tela Mbili: Mzigo unasubiriwa Tunduma asubuhi. Nilipanga niushushe kwanza, nikapime wakati wa kurudi. Tajiri hataelewa.

Sista Mstaafu: Ukiona giza usukani ukiwa mkononi, tingo wako atafanya nini? Mpigie tajiri sasa hivi.

Jicho Kavu: Nisamehe mkuu. Mama yangu aliuziwa dawa ya siku saba hivyo hivyo, siku ya tano tukambeba anatapika damu. Nikiona neno "mitishamba" na bei yake napandwa na hasira. Chukua bajaji, usitembee kwa miguu.

Babu wa Muheza: Mwanangu, nilikusema vibaya. Ukifika tuandikie.

Tela Mbili: Nimefika. Kipimo cha wingi wa damu kimesoma 7. Wameniwekea dripu, wanatafuta damu ya kuniongeza. Tingo amebaki na gari, ameyawekea matairi mawe. Daktari aliponiuliza dawa ninazotumia nilimpa karatasi ya diklofenaki iliyokuwa mfukoni, ilikuwa imebaki na vidonge viwili. Mke wangu nimempigia, anapanda basi la alfajiri.