Nyumba ya mzee Isamilo: baraza linaachana na ukuta, fundi anataka kumwaga zege juu ya zege

Nyamizi:

Habari za mchana wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua zege, hasa waliojenga milimani huku kwetu Mwanza.

Nyumba ni ya marehemu baba, Isamilo, upande unaoangalia ziwa. Aliijenga 1978: msingi wa mawe, kuta za bloku, juu bati. Kwa sasa anaishi mama na mjukuu wake mmoja. Kiwanja kinashuka. Nyuma walichimba mlima, kwa hiyo ukuta wa chumba cha mama umekaribiana kabisa na kingo ya udongo. Mbele walijaza kifusi wakapata baraza la mita 6 kwa mita 2, na kifusi hicho kinazuiwa na ukuta wa mawe wenye kimo cha futi 6 hivi.

Shida ilianza kidogo kidogo, ila baada ya masika ya mwaka huu imekuwa wazi. Kati ya baraza na nyumba kuna ufa unaoingiza kidole. Baraza linainamia bondeni. Ukimwaga maji yanakimbilia ukingoni. Kona ya kulia imekaa juu ya jabali, pale hapajashuka hata kidogo, ila kona ya kushoto ndiyo inayozama. Ufa mwingine umekata baraza mshazari kuanzia hapo kwenye jabali. Ule ukuta wa mawe umefura tumbo katikati. Ngazi za kushukia, mbili zimemeguka. Na ndani, chumba cha mama, rangi inabanduka chini kama futi moja kutoka sakafuni.

Fundi aliyekuja anasema achimbechimbe sakafu ya baraza, aweke wavu wa nondo, amwage zege la inchi 3 juu yake, aunganishe na nyumba kwa nondo "ili visiachane tena". Halafu aongeze kozi (mistari) mbili za bloku juu ya ule ukuta wa mawe ili baraza lirudi usawa, apige plasta. Ngazi atazipiga niru, ile saruji laini ya kung'arisha. Anataka laki tisa za ufundi, vifaa juu yetu.

Kaka zangu wanasema tumpe kazi kabla ya mvua za vuli. Mimi moyo unasita. Nyie mnasemaje?

Msukuma wa Kisesa:

Uza hiyo nyumba uje Kisesa, huku tambarare, mpira wa watoto haupotelei bondeni 😂

Utani pembeni, pole dada. Mimi ningelichoma hilo jabali moto nikalipasua, baraza lote likae kwenye udongo, lizame kwa usawa. Vijana wa kuchoma mawe wapo wengi huko Mabatini.

Mzee wa Karai:

Nyamizi, moyo wako unasita kwa haki. Usimpe kazi huyo fundi, angalau si kwa mpango huo. Zege nimelimwaga kwenye vilima vya mji huu tangu tunapandisha kokoto kwa kichwa, na hayo uliyoyaeleza nayaona nyumba hadi nyumba kuanzia hapo Isamilo mpaka Bugando. Majengo ya umri huo yalijengwa vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila mbele ndipo kazi ilipolipuliwa. Udongo uliochimbwa nyuma ulitupwa mbele, ukasawazishwa kwa chepe, ukafunikwa zege. Haukushindiliwa. Kifusi cha hivyo kinaendelea kushuka miaka na miaka, na kila kikilowa kinashuka tena.

Kwa hiyo zege lako halijaugua. Limekosa pa kukaa tu.

Sasa tumpigie fundi wako hesabu. Mita 6 kwa 2 kwa inchi 3 ni karibu mita 0.9 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi. Anataka kukuongezea tani mbili na ushei juu ya kifusi kinachozama, nyuma ya ukuta ambao tayari umefura. Halafu anataka kuupandisha. Kozi mbili za bloku ni futi moja na nusu, ukuta utoke futi 6 ufike 7 na nusu, na nyuma yake ajaze. Watu wanafikiri mzigo unaongezeka kwa robo, kama kimo kilivyoongezeka. Sivyo. Nguvu ya udongo ya kuupindua ukuta inakua kwa kimo mara kimo mara kimo. Piga mwenyewe: 7.5 gawa kwa 6 ni 1.25, na 1.25 mara 1.25 mara 1.25 unapata karibu 2. Maradufu! Na kitako cha ukuta ni kilekile cha 1978.

Hilo la kufunga baraza na nyumba kwa nondo ndilo baya kuliko yote. Leo baraza linashuka peke yake, nyumba imesimama. Ukishazifunga, baraza likishuka litauvuta ukuta wa nyumba, na nyumba ya zama hizo mara nyingi haina hata ringbimu, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta, ya kuushikilia. Ufa unaouona nje utauhamishia sebuleni.

Na wewe wa Kisesa, hilo jabali liacheni. Moto wa kupasulia mawe mita mbili kutoka kwenye msingi wa mawe wa zamani ni wazimu. Joto halichagui jiwe. Isitoshe jabali linaweza kuwa ndilo linaloshikilia nusu ya huo ukuta.

Kabla sijasema cha kufanya nijibu haya, binti: nyumba ina gata za kukinga maji ya bati? Ukuta wa mawe una matundu ya kutolea maji? Juu ya baraza kuna kitu gani kizito? Kutoka mguu wa ukuta hadi bikoni ya mpaka wa chini pana nafasi gani?

Nyamizi:

Shikamoo mzee, ahsante sana. Gata hakuna, zilioza zamani. Ukuta hauna tundu hata moja. Juu ya baraza, kona ya kushoto, kuna simtanki la lita 1,000. Kutoka kwenye ukuta hadi bikoni nimepima kwa hatua, kama futi 12, mama amepanda mihogo.

Mzee wa Karai:

Marahaba.

Simtanki liondoke leo. Likijaa ni tani moja, na mmelitua kwenye kona ileile inayozama. Lipelekeni pembeni ya nyumba juu ya udongo ambao haujawahi kuchimbwa.

Halafu maji. Bati lenu upande wa mbele tuseme lina mita 50 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo hapa Mwanza ni ya kawaida tu ikiamua, ni lita 2,000 kwenye upande huo mmoja. Pipa kumi! Zote zinadondoka kwenye mstari mmoja ukingoni mwa baraza, zinaingia kwenye nyufa, zinakaa nyuma ya ukuta usio na tundu. Udongo mkavu ukuta unauweza. Udongo uliolowa pamoja na maji yaliyotuama ndivyo vilivyoufurisha.

Na rangi ya chumba cha mama ni maji hayohayo yakitokea upande wa pili, yanateremka toka mlimani yanagonga ukuta wa nyuma. Wengine wangekuuzia rangi ya kuzuia unyevu. Chimba mtaro nyuma kati ya kingo na ukuta, usishuke chini ya kitako cha msingi, uuzungushie zege, uupe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, utokee pembeni. Ikibidi punguza kingo kwa sululu upate nafasi ya mtu kupita. Mwangalie na jirani wa juu kama bomba lake halivuji. Ukikuta unyevu hata kiangazi, ni bomba au shimo la choo. Maji yote, ya gata na ya mtaro, yafike kwenye mfereji wa barabara. Usimmwagie jirani wa chini, mtaishia kwa mtendaji.

Hiyo ndiyo kazi ya kabla ya vuli. Zege la baraza lisubiri. Wakati huohuo weka alama: pigilia msumari mmoja kwenye nyumba na mmoja kwenye baraza, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani kwa penseli. Ukutani pale chini ning'iniza timazi toka juu, pima tumbo limetoka kiasi gani. Kila mwisho wa mwezi rudia. Kama tumbo linaendelea kutoka, mtoto asicheze chini ya ukuta huo, na mihogo ivunwe.

bluu_ziwa:

Mzee wa Karai umeongea kama mwalimu wetu wa VETA. Swali la kuongezea: tumbo likisimama baada ya maji kudhibitiwa, si atoboe tu matundu, abaki na ukuta huohuo? Kubomoa ni gharama.

Mzee wa Karai:

Matundu atoboe hata sasa, mstari mmoja karibu na ardhi, kwa tindo na taratibu. Usipige nyundo kubwa kwenye tumbo. Ni huduma ya kwanza. Ila mawe yaliyokwisha hama mahali pake hayarudi, na plasta inaficha tu. Kwa nyumba anayolala bibi na mjukuu mimi nisingeuacha.

Kwa kuwa pana futi 12 chini, asijenge tena ukuta mmoja wa futi 6. Ajenge mbili za futi 3, wa juu usimame futi 6 nyuma ya wa chini, katikati abaki na bustani. Ukuta wa futi 3 fundi mzuri wa mawe anaujenga kwa kitako cha futi moja na nusu hadi mbili, uso umelalia mlimani kidogo. Nyuma yake mawe madogo upana wa futi moja, bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu. Wakilazimika kurudi kwenye ukuta mmoja mrefu, hapo watafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi awachoree, na vyovyote itakavyokuwa wapite halmashauri ya jiji wapate kibali. Mimi ukuta ukizidi mita moja na nusu siugusi bila mchoro. Mafundi wenzangu hawanipendi kwa hilo.

Kubomoa kuanzie juu: sakafu ya baraza, kisha kifusi, ndipo ukuta. Ukianza na ukuta kifusi kinakushukia. Na karibu na nyumba wachimbe vipande vya mita moja moja, wajaze kimoja ndipo wafungue kingine.

Kifusi kipya kiwe moramu (udongo wa changarawe), tabaka la inchi 6, maji kidogo, shindilia, tabaka jingine. Hapo ndipo vijana wanapochoka na ndipo mwenye nyumba anatakiwa asiende kunywa chai. Baraza jipya inchi 4, mteremko wa sentimita 2 kwa mita kutoka kwenye nyumba, na kati yake na nyumba ACHA MWANYA wa nusu inchi. Ile sponji nyeupe ngumu ya kwenye maboksi ya tivii inafaa, juu ziba kwa lami. Kata na viungo (mistari ya kuongoza ufa) kila mita 2, na kimoja kiwe palepale jabali linapoishia, maana ufa utatafuta hapo kwa vyovyote.

Mchanganyo 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja wa kilo 50 usizidi lita 25 za maji, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Huku mlimani vijana wanapenda zege la uji kwa sababu linashuka lenyewe kwenye ndoo. Kataa. Kokoto za kugonga kwa nyundo ni nzuri, ila zichekeche, vumbi lake linakula saruji. Kisha funika kwa magunia, mwagilia siku 7 asubuhi na jioni, upepo wa ziwa nao unakausha haraka.

Nyamizi:

Mzee Mungu akubariki. Simtanki tumelihamisha jana, kaka alinuna ila alibeba. Fundi wa gata anakuja Jumamosi. Nimeweka misumari pia.

Mawili ya mwisho: ngazi nazo tungoje? Mama goti linamsumbua, zile mbili zilizomeguka naziogopa. Na kaka mkubwa anauliza kama anunue saruji yote sasa hivi, bei isije ikapanda.

Mzee wa Karai:

Ngazi za kudumu zingoje ukuta, la sivyo utazibomoa. Kwa sasa mama apite mlango wa jikoni, mumwekee kipini cha bomba la chuma cha kushikilia. Zikijengwa, kimo kiwe inchi 6 na nusu hivi, pa kukanyaga inchi 12, zote zilingane, maana goti likizoea kimo kimoja halisamehe kingine. Anzeni kumwaga chini mkipanda. Wala zisipigwe niru, kwa bibi wa goti niru iliyolowa ni ajali. Pitisha fagio zege likiwa bichi zibaki na mikwaruzo.

Saruji mwambie kaka asinunue. Ikae wapi, chumba cha nyuma chenye unyevu? Itakuwa mawe kabla ukuta wa chini haujafika magotini. Hela hiyo anunue bomba za inchi 2 na mawe, na mawe ayapokee yeye mwenyewe, tripu ya lori ihesabiwe ikiwa bado ndani ya lori.