Sons of Anarchy msimu wa saba: walitufanya wajinga na bado mnawapigia makofi

Wakuu, kama hujaimaliza SOA (Sons of Anarchy, ile tamthilia ya Marekani ya klabu ya waendesha pikipiki wahalifu wa mji wa Charming) pita mbali, namwaga kila kitu. Mods nawaombeni msiuunganishe uzi huu na ule wa "tamthilia kali za wakati wote", maana huko ndiko nilikochefukiwa.

Kila siku mtu anaibuka humu kusema hakuna tamthilia iliyomalizwa vizuri kama hii. Vizuri wapi? Msimu wa saba, sehemu 13 nzima, umesimama juu ya uongo mmoja wa Gemma, mama yake Jax, kiongozi wa klabu. Kamuua mkwe wake Tara, mke wa Jax, jikoni kwa uma wa nyama, eti kawasaliti, kumbe Jax mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshakubali kujisalimisha. Juice, mwanachama wa klabu, kamtwanga risasi sherifu Roosevelt, wamesafisha, wamekaa kimya. Gemma kasema ni genge la Wachina la Henry Lin, akamnyooshea kidole kijana wa watu. Basi! Jax kamkamata, kamtesa, kamuua. Swali hata moja hakuuliza.

Sasa hapo ndipo damu inaponichemka. Huyu ni Jax yuleyule wa msimu wa kwanza! Clay, baba wa kambo wa Jax na mkuu wa klabu wakati huo, alimtuma Tig amuue Opie, mwenzao klabuni na rafiki wa Jax, akidhani ni msaliti, Tig akampiga risasi Donna, mke wa Opie, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha gari siku ile. Lawama zikasukumiwa Wamayan, klabu pinzani ya pikipiki, na Opie akaenda kumuua mtu asiyehusika. Jax alijua. Mke kauawa, mkubwa wa familia kadanganya, genge jingine limebebeshwa zigo: mchezo huohuo aliuona kwa macho yake kwa rafiki yake wa damu, halafu ukirudi nyumbani kwake mwenyewe hashtuki? Tena kutoka kwa mama ambaye tangu mwaka 2008 tunamuona anadanganya kama anavyopumua!

Hesabuni maiti. Wanawake wa Diosa, danguro la klabu, wamechinjwa. Bobby, mwanachama wa klabu, kang'olewa jicho, kakatwa vidole, kapigwa risasi mbele ya wenzake. Jury, rafiki wa zamani wa klabu, kauawa kwa usaliti ambao hakuufanya. Yote hayo yangezuiwa na mtu mmoja kuuliza, "Mama, ulimuonaje?" Mzee Unser, mkuu wa polisi wa zamani, ndiye pekee aliyekuwa ananusa kitu, na naye shukrani yake ikawa risasi ya Jax. Mwishowe aliyetegua kitendawili ni Abel, mtoto mdogo wa Jax, kwa kusikiliza maneno ya bibi yake. Klabu nzima yenye wanaume waliopigana na wapiganaji wa Ireland wa IRA mpaka Belfast, wamezidiwa akili na mtoto wa shule.

Katey Sagal anaigiza hatari, hilo sibishi. Ila ni mke wa Kurt Sutter mwenye tamthilia, na mimi hunitoi kwenye wazo kwamba ndiyo maana Gemma alibebwa kuliko ilivyostahili. Angetakiwa afe msimu wa sita, pamoja na Clay.

Halafu zile nyimbo za mwisho! Kila sehemu lazima wimbo mrefu, sura za huzuni, mtu anavuta sigara dirishani. Dakika zikaongezwa, hadithi ikabaki palepale.

Na mnieleze hilo lori la mwisho, ambalo Jax analiendea mwenyewe ili afe. Mtu kaua mama yake, kaacha watoto wawili wadogo, anapanua mikono kwenye pikipiki ya baba yake na tunaambiwa huo ni ushujaa. Watoto kabakizia nani? Wendy, mke wake wa zamani, na Nero, mpenzi wa Gemma, wakati Tara aliuawa akihangaika kuwatoa watoto hao Charming tangu wakiwa na baba.

Kama kuna mtu ana sababu moja ya maana ya Jax kumuamini Gemma bila kuuliza, aiweke hapa. Msiniletee "alikuwa na uchungu". Opie naye alikuwa na uchungu, na Jax alikuwepo.