Goli la kudondosha kama la Sexton: vijana linawashinda, tatizo ni nini?

Mwalimu_Shangani (Mtwara)
Habari zenu wakuu. Vijana wa raga hapa Shangani wamelitazama goli la kudondosha la mchezaji Johnny Sexton wa Ireland dhidi ya Ufaransa, yaani unaudondosha mpira, unagusa chini, kisha unaupiga upite katikati ya nguzo juu ya mwamba. Sasa kila mmoja anataka kudondosha na kupiga. Mpira unakwenda pembeni au unafia mchangani. Wanakosea wapi? Na Sexton alifikaje kiwango kile?

Korosho10 (Lindi)
Mwalimu, anza na mikono. Mpira ushikwe ubavuni kwa mikono miwili, ncha moja chini, ya juu imelalia kidogo upande wa mpigaji. Uachiwe, usirushwe. Wengi huuachia usawa wa kifua. Ukiwa hewani muda wote huo unageuka, unatua kwa ubavu, na hapo hakuna ajuaye utarukia wapi. Washushe mikono hadi karibu na goti.

Mguu wa kuegemea ukanyage kando ya pale mpira unapotua. Teke liukute ndiyo kwanza unanyanyuka. Ukiupiga kabla haujagusa chini, hata upite katikati ya nguzo si goli. Ukichelewa, unapaa bila nguvu. Anayeinua kichwa mapema kutazama nguzo ndiye anayepiga pembeni.

Mchanga mkavu haufai kabisa, maana ncha inazama na mpira haurudi juu. Tafuteni udongo mgumu, au ufukweni maji yakishakupwa, pale mchanga uliposhikana. Anzeni mita 15 mbele ya nguzo, mkizoea ndipo mrudi nyuma.

Namba_Kumi
Niongezee hapo: waonyeshe vijana na yaliyotangulia teke lile. Tarehe 3 Februari 2018, Paris, Ireland wako nyuma 13-12 na dakika 80 zinaisha. Walishika mpira awamu 41 (awamu moja huisha mchezaji akiangushwa na mpira kuchezwa tena) bila kuupoteza, na kosa moja tu lingemaliza mechi. Sexton akarudi nyuma ya raki (wachezaji waliosongamana juu ya mpira ulio chini), mbali na mabeki wa kumzuia, akapiga kutoka mita zipatazo 45. Ikawa 15-13, pointi zote 15 zake. Mwaka huo Ireland walishinda mechi zote za mashindano ya Mataifa Sita, naye Sexton akawa mchezaji bora wa dunia.

Hakuibuka ghafla. Alizaliwa Dublin 1985, na katika nusu fainali ya kombe la klabu za Ulaya ya 2009 aliingia uwanjani kuichezea timu yake ya Leinster baada ya mwenzake Felipe Contepomi kuumia. Fainali akaanza, wakabeba kombe. Novemba mwaka huohuo akaichezea Ireland mara ya kwanza, dhidi ya Fiji. Fainali ya kombe hilo la Ulaya ya 2011 ndiyo ninayoipenda kuliko zote: Leinster walikuwa nyuma 22-6 mapumziko, wakashinda 33-22, na pointi 28 kati ya hizo 33 ni zake. Alistaafu 2023 akiwa na mechi 118 za Ireland na pointi 1,108, na pointi hizo ni rekodi ya nchi.

Mikindani_Raga
Mwalimu, kama mnatumia goli la soka, angalieni vipimo. Mwamba wa soka uko mita 2.44, wa raga mita 3. Nguzo za soka zimeachana mita 7.32, za raga 5.6. Simamisheni mianzi miwili mirefu kwa upana huo, mfunge kamba mita 3 kutoka chini. Bila hivyo kijana atashangilia goli ambalo uwanjani lingepita chini ya mwamba.