Naombeni ushauri: mchujo wa ualimu nimepata 71, mahojiano yananikosesha usingizi

Sakina Juu (mleta uzi)
Habari zenu wadau. Anayezijua hizi ajira za walimu za Sekretarieti ya Ajira anisaidie. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ngazi ya cheti, niliomba Mwalimu Daraja la IIIA. Mtihani wa mchujo nimefanyia hapahapa Arusha, nimepata 71, na pembeni ya namba yangu wameandika nimechaguliwa hatua inayofuata. Sasa mahojiano hayo yanakuja. Hii 71 inanibeba mpaka mwisho au mezani tunaanza upya? Wanaangalia nini hasa, umri, mwaka wa kumaliza chuo, uzoefu? Na wale wanaokuhoji wanakuwa na taarifa zako zote za nyuma, au wanaona tu vyeti ulivyopandisha kwenye mfumo? Nina mtoto mdogo na sina wa kumuuliza. Matusi pitisheni pembeni.

Mangi wa Kiboriloni
Mkuu una 71 unalia? Mimi nilipata 48, nikarudi zangu Moshi kuuza spea za pikipiki. Kama huitaki hiyo 71 niuzie.

Chaki Nyeupe
Mwalimu, hongera. Kazi ya mchujo ni kupunguza watu tu. Usaili ule wa mwanzoni mwa 2025 nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walizidi laki mbili, sasa wote hao ungewahoji mmoja mmoja ungemaliza lini? Mezani jiandae kama mtu asiye na akiba ya alama hata moja. Watakuuliza azimio la kazi, andalio la somo, mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma unamsaidiaje. Mtaala mpya usome vizuri, ule ulioanza Januari 2024 na darasa la kwanza na la tatu. Wengi wanauongelea kwa kusikia.

Na usichanganye kufaulu na kupata kazi. Wanaanza na aliye juu wanashuka mpaka nafasi ziishe. Uliyefaulu nafasi zikaishia juu yako unaingia kanzidata, unasubiri. Umri mwisho 45. Halafu kufanyia usaili Arusha haina maana utapangiwa Arusha. Unaweza kujikuta Tunduru.

Babu wa Tengeru
Vijana wa siku hizi mnataka ualimu wa lami. Sisi tulikuwa tunamaliza chuo, jina linabandikwa ubaoni, unafunga sanduku lako unakwenda. Nilipelekwa kijiji ambacho basi lilifika siku ya gulio tu. Nikaoa huko, nikajenga huko. Leo mtu akipangiwa Tunduru anatafuta cheti cha daktari. Ualimu ni wito.

Pasua Kwetu
Babu wito haulipi kodi ya nyumba. Dada yangu anajitolea shule moja huku Moshi, wazazi wanachanga anapewa elfu sabini kwa mwezi, na mwezi wa njaa hapati kitu. Mwaka 2023 TAMISEMI walipotoa zile nafasi 13,130 za walimu aliomba akakosa, na wakati ule hakukuwa na usaili hata wa kusema umepata ngapi ukakosa ngapi. Jina halipo, basi. Afadhali sasa mtu anaiona alama yake. Yeye mchujo alipata 64, bado hajachaguliwa hatua inayofuata, ila siku ile alilala usingizi kwa mara ya kwanza. Alisema angalau nimejua.

Binti Meru
Jamani mmemjibu vizuri lakini mbona swali lake la mwisho mmeliruka? "Taarifa zako zote za nyuma." Mtu mwenye 71 anaulizia kuhusu taarifa za nyuma kwa nini? Mleta uzi, kuna kitu umekikalia.

Sakina Juu
Hamna kitu dada. Nimeuliza tu ili nijiandae.

Binti Meru
Haya. Ila ujue 2017 walihakiki vyeti nchi nzima wakakamata watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kama ni cheti, usiende hata kwenye hayo mahojiano.

Sakina Juu
Vyeti vyangu ni halali vyote! Cha kuzaliwa, kidato cha nne, chuo, nakala halisi ninazo kwenye faili. Tatizo si hilo. Basi niseme. Niliwahi kuajiriwa. Zile za 2023, nilipangiwa mkoa wa mbali, nikaripoti, nikapata na cheki namba, ile ya kulipiwa mshahara. Nyumba niliyopewa dari lilikuwa limejaa popo, ukipika ugali unafunika sufuria na ungo, si kwa vumbi, kwa kinyesi. Maji mwendo wa saa nzima. Nikaandika barua ya uhamisho kumfuata mwenza, nikajibiwa bado mgeni, nivumilie. Nikarudi Arusha likizo ya Desemba, sikurudi tena. Kwenye maombi haya mapya nimejaza kama mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Sidhani kama nimedanganya, maana ajira yenyewe ilikuwa ya muda mfupi mno na hata kuthibitishwa sikuthibitishwa.

Mangi wa Kiboriloni
Aaah kumbe dada! Samahani kwa "mkuu". Pole na popo.

Chaki Nyeupe
Mwalimu, ungeanza na hili. Wewe hukuacha kazi, wewe ni mtoro. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kukosekana kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano ni kosa la kufukuzwa, na mwenye mamlaka ya nidhamu kwa mwalimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Jiulize faili lako limeishia wapi. Walishakufukuza? Au kwenye mfumo bado unasomeka mtumishi? Kama bado unasomeka, soma tangazo uliloombea: aliye mtumishi tayari haombi kama mtu mpya, anafuata waraka wa serikali wa 30 Novemba 2010. Na chini kabisa wameandika kuhusu taarifa za uongo na hatua za kisheria. Namba yako ya NIDA ni moja, haikuzaliwa upya uliporudi Arusha.

Sakina Juu
Kaka nakuelewa, ila kuna mtu wa karibu na ofisi hizo ameniambia watu kama mimi wako wengi na wamepita. Amesema nikikaa kimya mezani hakuna atakayeuliza. Na nguo za usaili nimeshashona, mtoto nimeshampatia wa kumwangalia. Nikienda kujisema sasa hivi si ndiyo najichimbia kaburi? Nilichotaka ni kujua tu kama wanaohoji wanaziona hizo taarifa.

Babu wa Tengeru
Ndiyo haya niliyosema. Mwalimu anakimbia popo! Anawaacha watoto wa wenzake bila mwalimu Januari shule zinafunguliwa. Halafu anataka serikali hiyohiyo imwajiri tena mjini.

Pasua Kwetu
Hapo mimi nimeumia. Hiyo nafasi uliyoitupa ndiyo aliyoikosa dada yangu.

Binti Meru
Swali la mwisho halafu nitakuacha. Mshahara ulikatika lini?

Binti Meru
Bado tunasubiri.

Sakina Juu
Uliendelea kuingia kwa muda baada ya mimi kuondoka. Sikuomba uingie. Mwalimu mkuu alidhani naumwa. Niliutoa nikalipia fremu ya biashara ya mume wangu pale Kwa Mrombo, na ulipokatika nikajua wameshamaliza na mimi. Nilifikiri ule ulikuwa kama malipo yangu ya kujikimu, maana sehemu ya pesa za kujikimu, zile za kuanzia maisha kituoni, sikulipwa mpaka naondoka.

Chaki Nyeupe
Sasa hapo tumetoka kwenye alama.

Kijenge Mwisho
Wadau mnapigwa chai hapa, stori ya kutunga, na mnaongeza sukari. Nimefungua wasifu wa huyu mleta uzi. Mwaka juzi akaunti hii iliuliza bei ya mashine ya kubadilishia vioo vya simu, ikijitambulisha kama "mimi kama mwanaume na fundi". Leo ni mwalimu wa kike mwenye popo. Kesho atakuwa rubani wa KIA. Fungeni uzi.

Mangi wa Kiboriloni
Chai na vitumbua kabisa. Nilijua tu, ungo gani unazuia popo.

Sakina Juu
Akaunti ni ya mume wangu. Simu ni yake pia, ndiyo maana sijibu haraka. Yeye ni fundi simu. Amini usiamini.

Kijenge Mwisho
Wote mnasemaga hivyo.

Binti Meru
Kijenge, ungeshuka chini zaidi kidogo. Mimi nimeshuka. Kuna uzi wa mwisho wa 2023, akaunti hiihii, kichwa chake "Mke kaajiriwa mbali, nyumba imepooza, nifanyeje?" Anaeleza mke ni mwalimu, katumwa mkoa wa mbali, kaja likizo, na yeye hataki arudi. Popo wametajwa humo, ukurasa wa kwanza. Mtu hatungi chai akaihifadhi muda wote huo.

Na aliyemjibu wa kwanza nanukuu: "Mke ni nyumba, si mshahara. Mzuie hapo hapo. Ajira za serikali zitatoka tena na Arusha shule ni nyingi." Jina la aliyeandika ni Babu wa Tengeru.

Mangi wa Kiboriloni
😂😂😂 Babu njoo huku.

Pasua Kwetu
Babu wito umeenda wapi?

Babu wa Tengeru
Nilikuwa namshauri mume. Hapa namshauri mwalimu. Ni kesi mbili tofauti. Na sikusema asiandike barua ya kuacha kazi.

Sakina Juu
Huo uzi sikuwahi kuuona. Aliniambia ni mama yake aliyesema nisirudi.

Kijenge Mwisho
Sawa naondoa neno chai. Pole dada.

Chaki Nyeupe
Mwalimu, mambo ya nyumbani mtayamaliza wenyewe. Kabla ya siku ya mahojiano nenda ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ziko mpaka wilayani, uliza utaratibu wa kujua hali ya faili lako kule ulikoajiriwa. Mwandikie Mkurugenzi wa ile halmashauri kuhusu mshahara uliochukua bila kufanya kazi, uombe namba ya malipo uanze kurudisha, hata kwa awamu. Stakabadhi tunza. Pesa za kujikimu unazodai ziandikie barua yake peke yake, usizichanganye kwenye barua moja. Kama ulishafukuzwa, utaambiwa unaruhusiwa kuomba tena au la, na kwa kibali cha nani. Huyo mtu wako wa karibu na ofisi umemlipa chochote?

Sakina Juu
Bado. Ametaka laki tatu. Nimemwambia mwisho wa mwezi.

Chaki Nyeupe
Hiyo laki tatu ndiyo awamu yako ya kwanza kwa Mkurugenzi.

Sakina Juu
Nimeelewa, ila mahojiano naona bado niende. Nikikosa nafasi hii sijui itatoka lini tena.

Binti Meru
Wakikuuliza kama umewahi kuajiriwa serikalini utajibu nini?

Sakina Juu
Sijajua. Naomba nimrudishie simu yake kwanza, kuna wateja.

Pasua Kwetu
Samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Dada yangu ana zile slipu za matokeo tu, cheti chenyewe cha kidato cha nne hakijatoka. Akichaguliwa wataikubali?

Chaki Nyeupe
Hawaikubali. Afuatilie cheti mapema, na siku hiyo aende na kitambulisho. Kama majina yamepishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, ashughulikie kisheria kabla, asitegemee kuelezea mezani. Nauli na chakula anajigharamia.

Mangi wa Kiboriloni
Na wenye 48 je? Tunaulizia kwa niaba ya rafiki.